Ukuta wa Utumbo: Mbinu za Kuulinda Bila Kununua Dawa ya Kuuziba

Siku hizi hukosi kukutana na tangazo la unga wa kuziba "utumbo unaovuja". Muuzaji anakupangia orodha: uchovu usioisha, viungo kuuma, chunusi, kitambi, kisukari, hata sonona. Kisha anakwambia vyote vina chanzo kimoja, utumbo umelegea, na kopo lake la mwezi mmoja ndiyo tiba.

Tangazo hilo lina ukweli ndani yake. Ukuta wa utumbo unaweza kulegea kweli, mabaki ya bakteria yakapenya hadi kwenye damu, na mwili mzima ukaingia kwenye mchochota, ile hali ya kinga kupambana kana kwamba kuna adui. Tatizo ni kopo. Ukuta huu hujijenga wenyewe kila baada ya siku chache. Unachotakiwa kufanya ni kuacha kuubomoa, kisha kuulisha, na vyote viwili vinafanyika kwa vitu ulivyo navyo jikoni na kwa uamuzi wako mbele ya kaunta ya duka la dawa.

Kinachotokea ndani

Kati ya chakula kilichomo utumboni na damu yako kuna safu moja tu ya seli. Zimebanana kama mkeka uliosukwa vizuri, na viungio vya protini kati yake huruhusu maji na chumvi kupita huku vikizuia vitu vikubwa. Juu ya safu hiyo kuna ute. Kwenye utumbo mpana ute huo una matabaka mawili, na lile la ndani karibu halina bakteria kabisa. Seli zenyewe huishi siku 3 hadi 5, zikachakaa, zikabanduka na kupisha mpya.

Upande wa pili wa ute wanaishi bakteria matrilioni. Wengi wao wana ganda la nje lenye kemikali iitwayo lipopolisakaraidi, au kwa jina la zamani endotoksini. Jina hilo alilitoa Richard Pfeiffer mjini Berlin mwaka 1892, alipogundua kwamba bakteria wa kipindupindu, hata baada ya kuuawa kwa joto, bado waliwadhuru wanyama wa maabara. Sumu ilikuwa sehemu ya mwili wa bakteria mwenyewe, na haikuhitaji awe hai.

Endotoksini ikibaki ndani ya utumbo hukaa nawe maisha yote bila kukusumbua. Ikiingia kwenye damu, mambo hubadilika. Watu wenye afya waliojitolea kwenye tafiti hudungwa nanogramu 2 hadi 4 tu kwa kila kilo ya uzito, na nanogramu ni sehemu moja ya bilioni ya gramu. Ndani ya saa chache wanapata homa, baridi, maumivu ya kichwa na ya misuli, kama mtu anayeanza malaria. Hii ni kwa sababu seli za kinga zina kipokezi kinachoitwa TLR4, ambacho kazi yake ni kunusa endotoksini. Bruce Beutler alikitambua mwaka 1998, na ugunduzi huo ukampatia sehemu ya Tuzo ya Nobel ya mwaka 2011. Kipokezi kikiguswa, seli humwaga protini za kuamsha kinga, na damu huzisambaza kila pembe ya mwili.

Kwa mtu ambaye ukuta wake umelegea, kiasi kinachopenya ni kidogo kuliko kile cha maabara, lakini hakikatiki. Hapati homa ya kumlaza kitandani. Anabaki na mchochota wa chini kwa chini, wa miezi na miaka. Damu yote itokayo utumboni hupitia kwanza kwenye ini, kwa hiyo ini ndilo hupokea kipigo cha kwanza. Mwaka 2007 Patrice Cani na wenzake walionyesha kwamba panya waliolishwa mafuta mengi walikuwa na endotoksini mara 2 hadi 3 zaidi kwenye damu, na walipowadunga panya wengine kiasi hicho hicho bila kuwabadilishia chakula, nao wakanenepa na insulini yao ikaanza kushindwa kazi.

Kwa binadamu, ushahidi una nguvu zaidi kwenye magonjwa machache: ini lililoharibiwa na pombe, VVU, ugonjwa wa Crohn (mchochota sugu wa utumbo), na ugonjwa wa siliaki unaochochewa na ngano. Kwa mengine yaliyomo kwenye orodha ya muuzaji, mara nyingi ugonjwa na utumbo uliolegea huonekana pamoja, na kuonekana pamoja hakutoshi kusema kimoja kimezaa kingine.

Usianze kwa kununua kipimo

Watafiti hupima ukuta wa utumbo kwa kumnywesha mtu sukari mbili, laktulosi na manitoli, kisha kukusanya mkojo wake kwa saa kadhaa. Manitoli ni ndogo na hupita kirahisi. Laktulosi ni kubwa, ikionekana nyingi kwenye mkojo ujue viungio vimelegea. Ni kipimo cha utafiti, na hospitali za kawaida hazina haja nacho.

Kinachouzwa kwa wateja ni kipimo cha zonulini, protini inayolegeza viungio, ambayo Alessio Fasano na wenzake waliieleza mwaka 2000 baada ya kufuatilia sumu ya bakteria wa kipindupindu. Zonulini yenyewe ipo. Vifaa vya kuipimia ndivyo vyenye walakini: mwaka 2018 watafiti walichunguza vifaa vya kibiashara na kukuta vinanasa protini nyingine. Hela hiyo itakusaidia zaidi ukipima sukari, presha, ini na VVU. Hivyo vikionyesha tatizo, lina matibabu yanayojulikana.

Hatua ya 1: Acha kuubomoa

*Dawa za maumivu.* Anza hapa, kwa sababu hapa ndipo wengi wanajiumiza bila kujua. Mgongo ukiuma, mtu anapita duka la dawa anachukua diklofenaki. Wiki ijayo anarudi. Baada ya muda anayo pakiti mfukoni kila siku. Tangu miaka ya 1980, Ingvar Bjarnason na wenzake huko London walionyesha kwamba dawa za kundi hili, yaani diklofenaki, ibuprofeni, indometasini na jamaa zake, hulegeza ukuta wa utumbo mwembamba. Mwaka 2005 kundi lake liliwapa watu 40 wenye afya diklofenaki kwa wiki mbili pamoja na omeprazoli ya kulinda tumbo, kisha likawamezesha kamera ndogo ya kuchungulia utumbo. Zaidi ya nusu walikutwa na majeraha mapya.

Zingatia hiyo omeprazoli. Huwa tunaambiwa "meza na hii, haitakuunguza". Inalinda tumbo la chakula kwa kupunguza asidi. Utumbo mwembamba uko mbele zaidi na hauna kinga hiyo.

Kwa hiyo: kwa maumivu ya kawaida anza na parasetamoli, isiyozidi vidonge 8 vya miligramu 500 kwa saa 24 kwa mtu mzima mwenye ini zima, na pungufu ya hapo kwa mnywaji wa pombe au mwenye ugonjwa wa ini. Ukihitaji diklofenaki au ibuprofeni, itumie kwa dozi ndogo na siku chache. Ukiwa na maumivu yanayokufanya uitafute kila wiki, hayo ni maumivu ya kumwona daktari. Na kama umeandikiwa aspirini ya moyo, usiiache kwa sababu ya makala hii.

*Pombe.* Gyongyi Szabo na wenzake huko Massachusetts waliwanywesha watu 25 wenye afya pombe nyingi kwa mkupuo mmoja, na mwaka 2014 wakachapisha matokeo: endotoksini ilipanda kwenye damu haraka, siku hiyo hiyo. Mtu hahitaji kuwa mlevi wa miaka 20 ili utumbo uathirike. Sherehe moja ya Jumamosi inatosha kuufungua kwa muda. Ukinywa mara chache na kidogo, ukuta unapata siku za kujirudisha. Ukinywa kila wikiendi hadi ukashindwa kusimama, kila Jumatatu unaanza ukarabati upya.

*Antibayotiki za kujiandikia.* Mafua hayatibiwi kwa amoksilini, na kuhara kwingi hakuhitaji metronidazoli. Kila dozi isiyo na sababu huua pia bakteria wanaolisha ukuta, kama utakavyoona kwenye hatua inayofuata.

*Jasho na jua.* Mtu anapokimbia au kubeba mizigo kwenye joto kali, damu huhamia kwenye misuli na ngozi, na utumbo hubaki na kidogo hadi ukuta wake ukalegea. Kunywa maji, pumzika kivulini, na usimeze ibuprofeni kabla ya mbio au kazi nzito ili usisikie maumivu. Ni mambo mawili mabaya kwa wakati mmoja.

Hatua ya 2: Lisha wanaokulisha

Seli za utumbo mpana hupata sehemu kubwa ya nguvu zake kutoka kwa butireti, asidi ambayo bakteria huitengeneza wanapochachusha nyuzinyuzi. Usipokula nyuzinyuzi, bakteria hao hawalali njaa. Mwaka 2016 watafiti walionyesha kwamba panya walionyimwa nyuzinyuzi walibaki na bakteria wanaokula ute wenyewe. Tabaka lilipungua, na vijidudu vya magonjwa vikapata njia rahisi ya kufika ukutani.

Kwa Waswahili mfano wa karibu uko Moshi. Mwaka 2025 watafiti wa hospitali ya KCMC na Chuo Kikuu cha Radboud cha Uholanzi walichapisha matokeo ya jaribio lililohusisha wanaume 77 wenye afya mkoani Kilimanjaro. Waliozoea vyakula vya asili, kama ndizi, maharage, kunde na mboga za majani, walihamishiwa mlo wa kizungu wa vyakula vya viwandani kwa wiki mbili. Alama za mchochota kwenye damu zilipanda, na seli zao za kinga zikaitikia vijidudu kwa ulegevu. Wa mjini waliohamishiwa vyakula vya asili walionyesha kinyume chake, na baadhi ya mabadiliko yalionekana hata wiki nne baadaye. Jaribio hilo lilipima damu, halikupima kubana kwa utumbo. Lakini linaonyesha jinsi sahani inavyoweza kugeuza mwelekeo wa kinga ndani ya siku 14.

Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate angalau gramu 25 za nyuzinyuzi kwa siku, pamoja na gramu 400 za mboga na matunda. Kikombe kimoja cha maharage yaliyopikwa kinakupa kama nusu ya hizo gramu 25. Kwa hiyo panga hivi:

- Kunde, choroko, mbaazi au maharage kila siku, kikombe kimoja kwa mtu mzima. Kama hujazoea, anza na robo kikombe na uongeze kila wiki. Gesi itapungua bakteria wakizoea.
- Badili sembe kwa dona, au changanya nusu kwa nusu. Chagua mahindi yaliyokauka vizuri, yasiyo na ukungu wala kuoza, kabla ya kwenda mashineni, kwa kuwa sumukuvu hujikusanya zaidi kwenye pumba na kiini. Mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara. Mahindi yenye ukungu usiyakoboe ukidhani umeyaokoa, yatupe.
- Mboga za majani mara mbili kwa siku: mchicha, matembele, kisamvu, mlenda. Kisamvu kitwangwe na kuchemshwa vya kutosha.
- Tunda zima badala ya juisi. Embe, papai, pera, parachichi.

Maharage yana sharti lake. Yakiwa hayajaiva vizuri, hasa yale mekundu, yana lektini, protini inayong'ang'ania ukuta wa utumbo wenyewe na kukutapisha na kukuharisha. Yaloweke usiku kucha, mwaga maji hayo, weka mapya, kisha yaache yatokote kwa nguvu kwa dakika 10 au zaidi kabla ya kupunguza moto. Moto wa chinichini tangu mwanzo hauiondoi lektini.

Usidharau kiporo pia. Wali, viazi na ugali vikipoa, sehemu ya wanga wake hugeuka kuwa wa aina isiyosagwa na utumbo mwembamba, ukafika kwa bakteria wa utumbo mpana ukiwa mzima. Ila kiporo cha wali kilichoachwa juu ya meza usiku kucha ni makazi ya bakteria wanaotoa sumu isiyokufa kwa kupasha. Kipoze haraka kwenye sahani pana, kifunike, kiweke kwenye friji, na ukile kesho yake. Kama huna friji, pika cha kuisha.

Hatua ya 3: Tumia vilivyochachuka

Mtindi, maziwa lala na togwa havihitaji tangazo. Utafiti uliochapishwa mwaka 1997, uliofanyika Tanzania kwa watoto wenye kuhara, ulitumia kile kipimo cha sukari mbili, na watoto waliopewa uji uliochachushwa walionyesha ukuta wa utumbo kupona zaidi kuliko waliopewa uji wa kawaida.

Togwa ni rahisi: pika uji, uache upoe hadi uwe vuguvugu, changanya na kimea cha ulezi au mtama, funika, uache siku moja mahali pa joto. Chombo kioshwe kwa maji ya moto, na mikono iwe safi. Togwa ikitoa harufu mbaya au ikiota ukungu, imwage.

Huenda ukasikia kwamba jaribio la Kilimanjaro lilikuwa pia na kundi lililokunywa pombe ya mbege, na mchochota ukapungua. Ni kweli. Lakini ilikuwa wiki moja, kwa kiasi kilichopangwa, kwa vijana wenye afya, na mbege ni ndizi na ulezi vilivyochachuka. Haihalalishi bia, na gongo au chang'aa hazimo kabisa katika hesabu hiyo.

Hatua ya 4: Kwa watoto, tenga uchafu na mdomo

Mtoto anayehara mara kwa mara, au anayemeza vijidudu kila siku hata bila kuhara, ukuta wa utumbo wake hukaa katika mchochota wa kudumu. Chakula hakinyonywi vizuri, na kinga inatumia nguvu ambazo zingejenga mwili. Mwaka 2009 mtafiti Jean Humphrey alipendekeza kwamba hali hii inachangia sana udumavu.

Utafiti mkubwa uliofanyika Kakamega, Bungoma na Vihiga, Kenya, na kuchapishwa mwaka 2018, ulitoa funzo chungu: vyoo, sabuni na klorini ya maji, kama vilivyotolewa pale, havikuongeza urefu wa watoto. Kilichosaidia kidogo ni lishe ya ziada. Maana yake usafi wa juujuu hautoshi. Angalia uwanja wako: mtoto anatambaa, kuku wanapita palepale, mkono unagusa ardhi kisha unaingia mdomoni. Watafiti waliokaa na watoto wachanga vijijini Zimbabwe waliwaona wakila udongo na hata kinyesi cha kuku.

- Wafungie kuku banda, au mtengee mtoto mkeka na eneo lenye uzio ambalo kuku hawaingii.
- Nyonyesha maziwa ya mama pekee kwa miezi 6 ya mwanzo.
- Mpeleke apate chanjo ya rota. Tanzania imekuwa nayo tangu 2013 na Kenya tangu 2014.
- Akihara, mpe ORS mara moja, endelea kumlisha na kumnyonyesha, na umpe vidonge vya zinki kwa siku 10 hadi 14 kama mhudumu wa afya atakavyoelekeza. Usiikatishe zinki kwa kuwa choo kimekuwa kigumu. Inasaidia utumbo kupona hata baada ya kuhara kuisha.

Kama unaishi na VVU

Virusi hushambulia mapema sana seli za kinga zilizo kwenye utumbo. Mwaka 2006 Jason Brenchley, Daniel Douek na wenzao walionyesha kwamba endotoksini ilikuwa juu kwenye damu ya watu wenye maambukizi sugu, na kwamba hilo huiweka kinga katika hali ya kuwaka muda wote. ARV huipunguza, ingawa haiimalizi yote, na kuanza mapema huokoa zaidi. Hakuna mtindi wala unga unaoshika nafasi ya dozi yako. Ukishatulia kwenye dawa, hatua zilizo hapo juu ni nyongeza nzuri.

Mpango wa mwezi mmoja

Usibadilishe kila kitu Jumatatu moja. Tumbo litajaa gesi na utaacha Jumatano.

Wiki ya kwanza: toa dawa zote za maumivu zilizo nyumbani, ziweke mezani, ujue unameza nini na mara ngapi. Punguza pombe.

Wiki ya pili: robo kikombe cha jamii ya kunde kila siku, na mboga za majani mchana na jioni. Ongeza maji ya kunywa, la sivyo nyuzinyuzi zitakufungia choo.

Wiki ya tatu: ingiza dona, ongeza maharage hadi nusu kikombe, na kunywa glasi ya mtindi au togwa.

Wiki ya nne: fikia kikombe kizima, na uangalie choo. Kikiwa laini, kikitoka bila kusukuma, mara kwa mara kwa ratiba yako, uko njiani.

Watu wachache wasifuate mpango huu bila ushauri: mwenye ugonjwa wa Crohn uliochachamaa, aliyefanyiwa upasuaji wa utumbo, na mwenye figo zilizoshindwa kazi, ambaye maharage, mboga na baadhi ya matunda humletea potasiamu nyingi. Na zipo dalili ambazo hazingoji mwezi: damu kwenye choo, choo cheusi kama lami, kupungua uzito bila kukusudia, kuharisha zaidi ya wiki mbili, homa isiyoisha, macho kuwa ya manjano, au upungufu wa damu usioelezeka. Ukiona mojawapo, nenda hospitali leo.

Mwezi ukiisha, uchovu au maumivu ambayo hayajasogea hata kidogo hayatatibiwa kwa kuongeza maharage. Andika ni tangu lini, yanazidi saa ngapi, na dawa gani umekuwa ukimeza, kisha mkabidhi daktari karatasi hiyo. Itamsaidia kujua aanzie wapi kukupima.